Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi: Maisha Yake na Somo la Sumaku

Mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi afikapo kwenye somo la sumaku, kwa kawaida huandika ubaoni kwamba sumaku huvuta chuma, kwamba ina ncha mbili, na kwamba ncha zinazofanana husukumana na zisizofanana huvutana. Watoto hunakili, kengele hulia, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Sisi tunaokagua mazoezi ya kufundisha hapa Mpanda tumeliona somo hilo mara nyingi, katika shule za mjini na za vijijini, na tumekuwa tukijiuliza: yule mtoto wa dawati la nyuma aliyetaka kujua kama sumaku yaweza kuwashwa na kuzimwa mfano wa taa, swali lake limekwenda wapi?

Swali hilo si la kitoto. Wako wataalamu wa fizikia ambao hivi leo wanalishughulikia katika maabara kubwa za dunia, wakitafuta njia ya kuyaongoza mawimbi yaliyomo ndani ya sumaku kwa kutumia uga wa umeme peke yake, pasipo kupitisha mkondo. Maana ya maneno hayo tutaieleza mahali pake. Hapa tunataka kusimulia maisha ya mtu aliyelifuata swali la namna hiyo kwa mikono yake kwa zaidi ya miaka arobaini, naye ni Michael Faraday wa Uingereza. Hakuwa na shahada, hesabu za juu hakuzijua, na shule aliyosoma ilikuwa duni kuliko nyingi za wilaya yetu. Kwa sababu hiyo maisha yake yanatuhusu sisi walimu kuliko maisha ya wataalamu wengi wenye sifa kubwa.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, huko Newington, mahali ambapo leo ni sehemu ya kusini ya jiji la London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyehama kutoka kaskazini ya nchi kutafuta kazi. Afya ya mzee huyo ilikuwa mbovu na mara nyingi hakuweza kusimama kwenye fuawe siku nzima. Mwaka 1801 bei ya nafaka ilipopanda sana, Michael alikuwa akipewa mkate mmoja wa kumtosha juma zima. Msomaji wa sehemu zetu, ambazo jirani zake wa Ufipa walikuwa wakiyeyusha chuma katika matanuri marefu yaitwayo malungu, hatashangaa kusikia kwamba mtoto wa mhunzi alikua akikijua chuma kabla ya kukisoma. Yeye alikijua kwa sauti ya nyundo. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, basi.

Alipotimiza miaka 13 alipelekwa kuwa mtumwa-barua na mpeleka magazeti katika duka la vitabu la George Riebau, mtaa wa Blandford, na mwaka uliofuata, 1805, akaandikishwa kuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu kwa miaka saba. Hapa ndipo elimu yake ilipoanza. Vitabu vilivyoletwa kushonwa na kutiwa majalada alivisoma kabla ya kuvirudisha. Makala kuhusu umeme katika juzuu moja ya ensaiklopidia ilimvuta, na vilevile kitabu cha kemia kilichoandikwa na mwanamke, Jane Marcet, kwa mtindo wa mazungumzo ya mwalimu na wanafunzi wake. Faraday hakuridhika na kusoma. Alichojaliwa ni tabia ya kutokubali jambo mpaka amelitenda, na kwa vijisenti vyake alinunua vitu vidogo vidogo ili ahakikishe kama kitabu kimesema kweli. Tunapenda kukitaja kitabu cha Bibi Marcet kwa sababu hakikuandikwa kwa ajili ya wataalamu. Kiliandikwa na mtu aliyejua kufundisha, nacho kikaangukia mikononi mwa kijana aliyekuwa akikishona.

Kaka yake, Robert, ambaye naye alikuwa mhunzi, alimlipia shilingi moja moja ili ahudhurie mihadhara ya jioni ya sayansi mjini. Kisha mwaka 1812 mteja mmoja wa duka, William Dance, akampa tiketi za mihadhara minne ya Humphry Davy, mkemia aliyekuwa na sifa kubwa kuliko wote wa wakati huo, katika Taasisi ya Kifalme iliyoko mtaa wa Albemarle. Faraday alisikiliza na kuandika. Akirudi nyumbani alinakili upya yote kwa hati safi, akachora vyombo vyote alivyoviona vikitumika, akajalidi karatasi hizo kuwa kitabu cha kurasa zipatazo 300, na akampelekea Davy mwenyewe pamoja na barua ya kuomba kazi. Tarehe 1 Machi, 1813, akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara kwa mshahara wa shilingi 25 kwa juma, na vyumba viwili vya juu vya jengo.

Hapo tungependa kusimama kidogo. Wanachuo wetu hunakili pia, tena hunakili sana. Tofauti ni kwamba daftari la Faraday lilikuwa na michoro ya vitu vilivyotendeka mbele ya macho yake, na daftari la mwanachuo mara nyingi lina maneno yaliyotoka katika daftari la mkufunzi, ambalo nalo lilitoka katika daftari jingine.

Katika mwaka huohuo wa 1813, akiwa bado kijana wa miaka 21 na hajawahi kufundisha hata siku moja, Faraday alimwandikia rafiki yake Benjamin Abbott barua kadhaa juu ya ufundi wa kuhutubia. Alikuwa amekaa nyuma ya kumbi akiwapima wasemaji. Aliangalia kama ukumbi una hewa ya kutosha, kama msemaji amewaelekea wasikilizaji au ameipa mgongo hadhira, kama vyombo vyake vinaonekana na watu wa mwisho, na akaona kwamba saa moja ndiyo kikomo cha uvumilivu wa binadamu. Barua hizo zingefaa kusomwa katika kila chuo cha ualimu, maana zimeandikwa na mtu aliyekaa kwenye viti vya wanafunzi. Baadaye alipokuwa mhadhiri mwenyewe alilipa ada ya mafunzo ya kusema, na alikuwa akimweka mtu mbele yake mwenye kadi ya kumkumbusha apunguze mwendo.

Safari yake ya Ulaya pamoja na Davy, kuanzia Oktoba 1813 hadi Aprili 1815, tutaipita upesi. Aliwaona wanasayansi wakubwa wa Ufaransa na Italia, na mke wa Davy alimfanya mtumishi wa kubeba mizigo. Alirudi amejifunza mengi.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Mwaka 1820 mwalimu mmoja wa Copenhagen, Hans Christian Ørsted, aliona kwamba sindano ya dira iliyo karibu na waya hugeuka pale mkondo wa umeme upitapo katika waya huo. Kabla ya hapo watu walidhani kwamba umeme na sumaku ni mambo mawili mbalimbali. Habari ilienea Ulaya nzima kwa miezi michache. Faraday alirudia majaribio yote ya wenzake mmoja baada ya mwingine, na mwezi Septemba 1821 akafanya waya uzunguke bila kukoma pembeni mwa sumaku iliyosimamishwa ndani ya zebaki. Kwa lugha ya leo, ile ilikuwa mota ya kwanza. Hata hivyo furaha yake haikudumu, maana alishutumiwa kwamba amechukua wazo la mwanasayansi mwenye cheo, William Wollaston, bila kumtaja. Mwaka 1823 alipopendekezwa kuingia katika Jumuiya ya Kifalme, aliyempinga alikuwa Davy, bwana wake wa zamani. Alichaguliwa vivyo hivyo. Sisi hatuoni sababu ya kuificha habari hii kwa wanafunzi. Wanasayansi ni watu, nao huoneana wivu kama watu.

Umeme ulikuwa umezaa sumaku. Faraday aliligeuza swali: je, sumaku nayo yaweza kuzaa umeme? Alijaribu mara kadhaa katika miaka ya 1820 na kila mara akaandika katika daftari lake kwamba hakuona kitu. Tunawasihi walimu wayaangalie sana majaribio haya yasiyojibu. Mtu aliyeshindwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu alikuwa na haki ya kusema kwamba jambo hilo haliwezekani. Yeye aliandika tu kile alichokiona, yaani kwamba hakuna, akafunga daftari, na akarudi baadaye na chombo kingine.

Chombo kilichojibu kilikuwa pete ya chuma yenye kipenyo cha inchi 6. Upande mmoja aliuzungushia waya wa shaba uliofunikwa kwa nguo na uzi, na upande wa pili akauzungushia waya mwingine usiogusana na ule wa kwanza. Tarehe 29 Agosti, 1831, aliunganisha waya wa kwanza na betri, na sindano iliyowekwa karibu na waya wa pili ikashtuka. Kisha ikatulia. Mkondo wa betri uliendelea kupita, lakini sindano haikusogea tena mpaka alipoikata betri, na hapo ikashtuka kwa upande wa kinyume. Wengi wangeuona mshtuko ule kuwa ni mtikisiko wa meza. Faraday alitambua kwamba umeme hauzaliwi na sumaku iliyotulia, bali huzaliwa wakati usumaku unapozidi au kupungua. Tarehe 17 Oktoba aliingiza na kutoa sumaku ndani ya koili akapata matokeo yaleyale, na tarehe 28 Oktoba akazungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa akapata mkondo wa kuendelea.

Mtoto wa kijijini anayo pete ya Faraday nyumbani kwao, ingawa hajui. Ni dainamo ya baiskeli. Tairi likizunguka, sumaku iliyomo ndani huzunguka karibu na koili na taa huwaka. Baiskeli ikisimama, taa huzimika, japokuwa sumaku ingali mle ndani na nguvu yake haikupungua. Mwalimu akiileta baiskeli darasani, akaigeuza juu chini, akamwita mtoto mmoja azungushe tairi polepole na kisha upesi, atakuwa amefundisha ugunduzi wa mwaka 1831 kwa dakika tano, na hatahitaji maabara. Baada ya hapo aulize kwa nini taa inazimika wakati sumaku ipo, asubiri, asitoe jibu. Mashine za dizeli zilizowasha taa za mji wa Mpanda kwa miaka mingi, na mitambo ya maji ya Kidatu na Mtera, zote ni dainamo kubwa za namna hiyo. Kinachotofautiana ni kitu kinachozungusha.

Kwa kuwa hesabu za juu zilimpita kando, Faraday alihitaji njia nyingine ya kufikiri, akaipata kwa unga wa chuma. Ukiweka karatasi juu ya sumaku na kunyunyiza unga huo, chembe hujipanga katika mistari iliyopinda kutoka ncha moja hadi ya pili. Wenzake waliichukulia mistari hiyo kuwa pambo. Yeye aliiona kuwa ndiyo jambo lenyewe: nafasi inayoizunguka sumaku si tupu, ina hali fulani iliyoenea kila mahali, na hali hiyo ndiyo isukumayo. Kutokana na wazo hilo tumepata neno uga, yaani uwanja ambao kani ya sumaku au ya umeme hufanya kazi. Wataalamu wa hesabu walimcheka kwa chini chini, mpaka James Clerk Maxwell, katika miaka ya 1850 na 1860, alipoitia mistari ile katika milinganyo, akaonyesha kwamba nuru yenyewe ni wimbi la uga wa umeme na uga wa sumaku. Unga wa chuma hapa kwetu haununuliwi. Vumbi la tupa hupatikana kwa fundi yeyote wa kuchomelea, na sumaku iliyotolewa katika spika ya redio mbovu, ikiburutwa katika mchanga wa mito mingi, huokota chembe nyeusi zinazotosha kwa somo.

Jambo jingine la kutufaa ni maneno. Mwaka 1834, alipokuwa akichunguza jinsi umeme unavyovunja michanganyiko ya kemikali, Faraday aliona kwamba maneno ya zamani yanampotosha, akamwendea msomi wa lugha, William Whewell wa Cambridge, wakaunda mapya kutokana na Kigiriki. Ndiyo hayo tunayoyaandika kwa Kiswahili anodi, kathodi, elektrodi na ioni. Kwa hiyo Mwingereza naye alikuta lugha yake haina maneno ya kazi yake, akayatengeneza. Twasema haya kwa sababu bado wapo walimu wanaodai kwamba sayansi haisemeki kwa Kiswahili. Watoto wetu huisoma kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi na kisha huikuta kwa Kiingereza katika sekondari. Mtoto aliyefahamu kwa vitendo maana ya uga atajifunza jina lake la pili kwa siku moja. Asiyefahamu atabaki na majina mawili ya kitu asichokijua.

Kati ya mwaka 1839 na 1840 afya ya Faraday ilivunjika, kumbukumbu zikampotea mara kwa mara, na kwa miaka kadhaa hakufanya mengi. Ndipo mwezi Agosti 1845 alipopata barua ya kijana wa miaka 21, William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Lord Kelvin. Thomson aliuliza kama uga wa umeme unabadilisha nuru ipitayo katika kitu kiangavu kama kioo. Faraday alikuwa amekwisha kulijaribu jambo hilo zamani bila kuona kitu. Alijaribu tena. Hakuona kitu. Hapo akaacha umeme akachukua sumaku.

Majaribio aliyoyafanya yanahitaji maelezo. Nuru ya kawaida hutikisika pande zote, lakini ipo njia ya kuichuja ili itikisike katika bapa moja tu, kama kamba inayotikiswa ikipitishwa katikati ya fito mbili za ua: mtikisiko wa juu na chini hupita, wa kushoto na kulia huzuiwa. Faraday alipitisha nuru iliyochujwa hivyo katika vitu mbalimbali vilivyowekwa karibu na sumaku kubwa ya umeme. Hewa haikuonyesha kitu, na vioo vya kawaida navyo vilikaa kimya. Tarehe 13 Septemba, 1845, akachukua kipande cha kioo kizito alichokitengeneza yeye mwenyewe miaka zaidi ya kumi na mitano nyuma, katika kazi ndefu ya kutafuta kioo bora cha darubini, kazi iliyomchosha na ambayo haikuzaa darubini yoyote ya maana. Kioo hicho kilikuwa na risasi nyingi ndani yake. Sumaku ilipowashwa, bapa la nuru liligeuka. Ilipozimwa, likarudi.

Neno risasi lina uzito wake hapa. Reli inayotoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa kwa ajili ya risasi ya mgodi wa Mpanda, na katika miaka ya 1950 mabehewa yaliichukua hadi pwani, mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1960. Wazee wa mji huu wanaikumbuka kazi hiyo. Tunapowafundisha watoto kwamba sumaku haivuti risasi, tunasema kweli, lakini tunawanyima nusu ya habari. Kioo chenye madini hayo ndicho kilichoonyesha kwa mara ya kwanza kwamba sumaku ina uhusiano na nuru. Halafu, tarehe 4 Novemba, 1845, Faraday akakiona kioo hichohicho kikisukumwa na sumaku, polepole mno, na baada ya kujaribu vitu vingi akagundua kwamba karibu kila kitu duniani hugusika na sumaku kwa kiasi fulani: ama huvutwa, ama husukumwa. Metali iitwayo bismuthi ilisukumwa kuliko zote. Jina hilo msomaji alishike, tutalikuta tena.

Alipokuwa akifanya haya yote hakuacha kufundisha. Mihadhara ya Krismasi kwa vijana, iliyoanzishwa katika Taasisi ya Kifalme mwaka 1825, aliitoa yeye mara 19 kati ya mwaka 1827 na 1860. Mashuhuri kuliko yote ni ile ya mshumaa, ambamo kwa kitu cha senti chache aliwapitisha watoto katika kemia nzima ya moto, hewa, maji na pumzi zetu wenyewe. Mwaka 1862 alipoitwa mbele ya tume iliyochunguza shule kubwa za Uingereza, alilalamika kwamba vijana wanamaliza masomo ya gharama kubwa bila kuijua sayansi ya vitu vinavyowazunguka.

Mwaka huo wa 1862, akiwa na miaka 70 na akili inayochoka, alifanya jaribio la mwisho lililoandikwa katika daftari lake, ambalo aya zake alizokuwa akizitia namba zilikuwa zimepita 16,000. Alitaka kuona kama sumaku inabadilisha rangi za nuru itokayo katika mwali wa moto. Aliandika kwamba hakuona badiliko. Vyombo vyake havikuwa na uwezo wa kutosha. Mwaka 1896 Pieter Zeeman wa Uholanzi alilirudia swali hilo kwa vyombo bora akaliona badiliko. Hata swali la Thomson lilikuwa na jibu: mwaka 1875 John Kerr, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha ualimu huko Glasgow, alionyesha kwamba uga mkali wa umeme hubadilisha nuru katika kioo. Wakufunzi wenzetu wakitaka mtu wa kujivunia katika kazi yao, Kerr yupo.

Faraday alikataa cheo cha heshima cha kifalme, na mwaka 1857 akakataa urais wa Jumuiya ya Kifalme. Aliishi kwa imani ya kanisa lake dogo, na yeye na mkewe Sarah hawakujaliwa watoto. Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kuishi huko Hampton Court, na huko alifariki tarehe 25 Agosti, 1867, amekaa kitini.

Tuliahidi kurudi kwenye mawimbi. Ndani ya kipande cha sumaku kila chembe ndogo ni sumaku yenyewe, na inazunguka mfano wa pia ambayo watoto huichezea uwanjani. Chembe hizo hushikamana. Moja ikiinamishwa, jirani yake huinama kidogo, na wa pili wake vivyo hivyo, na mwinamo husafiri mpaka mwisho ingawa hakuna chembe iliyoondoka mahali pake. Aliyeona upepo ukipita juu ya mpunga wa Mpimbwe amekwisha kuliona jambo hili: wimbi linakwenda, mashina yamebaki ardhini. Mawimbi hayo huitwa mawimbi ya spini, na aliyeyaeleza kwanza kwa hesabu ni Felix Bloch mwaka 1930. Wataalamu wanayatamani kwa sababu yanaweza kubeba habari kama mkondo unavyobeba katika kompyuta, lakini bila umeme kutiririka katika waya. Na kila ambaye simu yake imempasha moto mfuko wa shati anajua mkondo hufanya nini.

Tabu ni kuyaongoza. Kama mawimbi yataongozwa na koili zenye mkondo, joto limerudi kwa mlango wa nyuma. Inatakiwa kuyaongoza kwa uga wa umeme, yaani ile hali iliyopo kati ya vitu viwili vyenye chaji ingawa hakuna kinachotiririka. Uga huo mtoto huuona akisugua kalamu ya plastiki kwenye nywele kavu na kuokota vipande vya karatasi. Lakini uga wa kalamu haugeuzi sindano ya dira, na hiyo ndiyo shida yenyewe: umeme uliotulia na sumaku iliyotulia, kwa vitu vilivyo vingi, havijuani. Pierre Curie alihisi mwaka 1894 kwamba huenda vipo vitu ambamo vinajuana. Igor Dzyaloshinskii wa Urusi ya Kisovieti alitabiri mwaka 1959 kwamba oksidi ya kromi ni kimojawapo, na mwaka 1960 Dmitri Astrov akapima na kukuta ni kweli, ingawa kwa kiasi kidogo sana.

Mwaka 2010 watafiti huko Ufaransa walichukua fuwele yenye chuma, oksijeni na bismuthi, metali ileile iliyomshangaza Faraday kwa kusukumwa. Walitia uga wa umeme katika fuwele hiyo, katika joto la kawaida la chumba, na masafa ya mawimbi ya spini yakabadilika kwa zaidi ya sehemu 30 katika mia. Mawimbi yenyewe waliyatazama kwa nuru.